Ua wa kijani wa kujisitiri: chagua kichaka kwa kimo chake cha mwisho

Kila anayetaka ua wa mimea huanza na swali moja: upi unakua haraka? Simlaumu. Dirisha la jirani linatazama moja kwa moja mahali anapokaa jioni, na yeye anataka stara sasa, si baada ya miaka minne. Lakini mimi kazi yangu ni kupogoa, na nyua nyingi ninazoitwa kuzinusuru zilichaguliwa kwa swali hilo. Kichaka kilichokimbia kikafika kimo cha mtu kwa misimu miwili hakisimami hapo eti kwa kuwa mwenyewe ameridhika. Kinaendelea kwa mwendo ule ule, na kila mwaka kinadai mkasi, ngazi na mahali pa kutupa matawi.

Kwa hiyo nakuomba uanze na maswali mawili mengine. Ua wako unahitaji kufika kimo gani? Na kichaka unachokitamani, kikishafika, kitakubali kukatwa kiasi gani bila kubaki na vidonda? Ukishayajibu hayo mawili, orodha ndefu ya mimea hupungua yenyewe, na kasi ya kukua hushuka hadi nafasi yake inayostahili, ambayo ni ya tatu au ya nne.

Nitataja mimea mingi kwa majina ya kisayansi. Nafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu majina ya kienyeji hubadilika kutoka kitalu hadi kitalu, na mche mmoja wenye jina la mazoea unaweza kuishia mita 4 wakati ndugu yake mwenye jina lile lile anapita mita 40. Mfano halisi ni Thuja occidentalis ya aina iitwayo 'Smaragd', ambayo hubaki mti mwembamba wa mita chache, na Thuja plicata, ambayo msituni ni jitu. Zikiwa ndani ya makopo madogo zinafanana sana.

Pima kabla ya kwenda kitaluni

Watu husema wanataka ua wa mita tatu kwa sababu mita tatu zinatia moyo. Usikisie. Chukua kiti, kiweke mahali unapokaa kweli, ukae. Mpe mwenzako ufito mrefu, asimame nao pale utakapopanda, auinue polepole mpaka ncha izibe kile usichotaka kukiona: dirisha, roshani, paa la gari. Tia alama kwenye ufito. Kisha rudia ukiwa umesimama, na rudia tena ukiwa ndani ya nyumba, kwenye dirisha unalolifungua mara nyingi.

Tufanye hesabu moja. Jicho la mtu aliye ghorofani liko mita 4.5 kutoka ardhini, na dirisha lake liko mita 12 nyuma ya mstari wa ua. Wewe umekaa, jicho lako liko kama mita 1.2 juu, na kiti chako kiko mita 4 upande wako wa ua. Mstari wa macho yenu unapita penye ua kwenye kimo cha mita 2 hivi. Sogeza kiti hadi mita 10 kutoka kwenye ua, na kimo kinachotakiwa kinapanda hadi mita 2.7. Kisogeze karibu, mita 2 tu, na mita 1.7 zinatosha. Ongeza sentimita 20 au 30 kwa ajili ya utosi wako na kwa ajili ya ncha za juu, ambazo huwa na majani machache.

Hesabu hiyo inasema jambo kubwa: kimo cha ua hutegemea unakaa wapi. Vichaka vitatu vilivyopandwa karibu na kiti vinaweza kukusitiri kuliko ua mrefu uliosukumwa hadi mpakani, na bustani iliyobaki ikaendelea kupata jua lake. Mimi huwashauri watu wafikirie hilo kabla ya kuzungusha kiwanja kizima. Mara nyingi anayetaka kufichwa ni meza moja na viti vinne.

Tofauti ya mita 2 na mita 3 si ndogo kwa mpogoaji. Ua wa mita 2 unaupunguza ukiwa umesimama ardhini. Wa mita 3 unataka ngazi au jukwaa, unataka mtu wa kushikilia, na sehemu ya juu ambayo huioni ndiyo inayoota ovyo. Kuna pia jirani wa upande wa pili, ambaye kivuli chako kinamwangukia. Saipresi ya Leyland ndiyo iliyotufundisha hili. Ni chotara iliyotokea Leighton Hall, Wales, mwaka 1888, baada ya saipresi ya Monterey na ile ya Nootka kuchavushana. Hukua karibu mita moja kwa mwaka, na ikiachwa hupita mita 30. Ugomvi wa majirani juu ya nyua za namna hiyo ulikuwa miongoni mwa sababu za sheria ya mwaka 2003 inayotumika England na Wales, ambayo inampa mtu haki ya kulalamika kwa halmashauri kuhusu ua wa kijani unaozidi mita 2 na kumnyima raha ya nyumba yake. Popote ulipo, uliza kama kuna kanuni ya kimo au ya umbali kutoka mpakani kabla hujachimba.

Upana nao husahaulika. Ua wa kawaida wa vichaka, ukipogolewa vizuri, hukaa kwenye upana wa sentimita 60 hadi mita 1. Prunus laurocerasus, yenye majani makubwa ya kung'aa, haipendezi chini ya mita 1, na kwa raha yake hutaka mita 1.5. Ua wa urefu wa mita 20 na upana wa mita 1.2 umekula mita 24 za mraba za bustani yako. Kisha unahitaji njia ya kupita nyuma yake, angalau nusu mita, la sivyo upande wa pili utampogolesha jirani. Panda basi kwa umbali kutoka mpakani ulio sawa na nusu ya upana wa mwisho, pamoja na njia hiyo.

Kama nafasi ni finyu mno, usilazimishe kichaka. Simika nguzo na waya, uoteshe mmea unaotambaa na usiopukutisha majani kama Trachelospermum jasminoides. Utapata ukuta wa kijani wenye unene wa sentimita 30 hivi, na maua meupe yenye harufu nzuri juu yake.

Fungua ua wa zamani uangalie ndani

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako. Kabla ya kununua mche wowote, tafuta ua wa mmea huo huo uliokwisha kupita miaka kumi, omba ruhusa kwa mwenyewe, ingiza mikono miwili na uyatenganishe matawi.

Ukifungua ua wa saipresi utaona ganda la kijani lenye unene wa kiganja tu. Nyuma yake rangi inageuka ghafla kuwa kahawia: vijiti vikavu vinavyokatika kwa kuguswa, majani ya miaka iliyopita yaliyonasa kwenye njia panda za matawi, vumbi, na shina lililo wazi. Tazama vizuri kwenye vijiti hivyo, utafute chipukizi. Hupati. Saipresi na wengi wa jamaa zake, pamoja na Juniperus na Chamaecyparis, hawachipui tena kwenye mti uliokwisha kupoteza majani. Ukikata hadi kwenye kahawia, umefungua tundu ambalo halitazibika, na litakaa hapo likikutazama mpaka ua utakapong'olewa. Ndiyo maana ua wa saipresi hauwezi kurudishwa nyuma. Kila unapopogoa lazima uache kijani kidogo, na kile kidogo kikijumlishwa mwaka hadi mwaka, ua unanenepa na hakuna la kufanya. Anayechagua saipresi anaahidi kuipogoa kila mwaka bila kukosa. Kama unaijua nafsi yako kwamba hutakosa, ni ua mzuri, mzito, unaozuia upepo vyema. Kama hujui, iache.

Sasa fungua ua wa Ligustrum, au wa haibiskasi, au wa Dovyalis caffra, ule wenye miiba ambao wengi wanauita kayaba. Ndani kuna kivuli na matawi mazito pia, lakini pitisha kidole kwenye tawi lenye unene wa dole gumba na utahisi vinundu vidogo. Hayo ni macho yaliyolala, yaani chipukizi zinazosubiri kuamshwa. Tafuta mahali ambapo tawi nene lilikatwa msimu uliopita. Chini kidogo ya kovu utaona chipukizi tatu, nne, laini, nyekundu au kijani cha kung'aa, zimepasua gome la zamani na kutoka. Kichaka cha tabia hiyo unaweza kukikata hadi magotini baada ya miaka ya kupuuzwa, nacho kikarudi kikiwa kizito kuliko awali. Mimi nikiulizwa sifa moja tu ya kutafuta, nataja hii kabla ya rangi, kabla ya maua, kabla ya kasi.

Wanaochipua kwenye mti mzee ni wengi: Ligustrum, Prunus laurocerasus, Ilex aquifolium, Photinia, Buxus, Murraya paniculata, haibiskasi, Duranta, Dovyalis, Carissa. Katika miti ya majani kama sindano, Taxus baccata ndiyo inayosifika kwa hilo. Unaweza kuikata upande mmoja hadi kwenye shina, ikapona, kisha mwaka wa pili au wa tatu ukakata upande mwingine. Ni ya polepole, kama sentimita 20 hadi 30 kwa mwaka, lakini upole huo ndio unaoifanya itosheke na kupogolewa mara moja kwa mwaka ilhali Duranta, mahali ambapo joto na mvua havikomi, hutaka mkasi kila baada ya wiki chache. Ukipiga hesabu ya kazi kwa miaka ishirini, mche wa polepole ni wa bei nafuu hata ukinunuliwa ghali.

Ukiwa bado umeufungua ule ua wa zamani, inama uangalie chini. Sehemu ya chini ndiyo inayokufichua. Ua wenye kilele kinene na miguu mitupu unaacha mbwa, kuku na macho vipite. Vichaka vingine vina tabia ya kuvua majani ya chini vikikua: Nerium oleander, bogenivilia iliyoachwa bila kukatwa, na mnyaa, ambao baada ya miaka hugeuka mti wenye shina tupu. Vingine hubaki na majani hadi ardhini vikipata mwanga: Buxus, Taxus, Murraya, Carissa. Neno "vikipata mwanga" ndilo lenye uzito. Ua wowote, hata wa mmea bora, ukiupogoa uwe mpana juu kuliko chini, majani ya chini yatakosa jua na kufa. Upogoe uwe mpana chini na upungue kidogo kuelekea juu. Kwa ua wa mita 2, tofauti ya sentimita 10 hadi 15 kila upande inatosha na macho hayaioni.

Ukubwa wa jani nao uutazame. Majani madogo hutoa ukuta laini unaopogolewa kwa mashine bila kuacha alama. Majani makubwa ya Prunus laurocerasus yakipitiwa na mashine hukatwa nusunusu, na kingo zake hukauka zikawa kahawia ndani ya siku chache. Ukitaka uzuri wake, ukate tawi kwa tawi kwa mkasi wa mkono. Kwa mita tano ni kazi ya kupendeza. Kwa mita arobaini ni adhabu.

Mahali pako panakubali nini

Kijani mwaka mzima hakumaanishi kwamba majani hayaanguki. Huanguka kidogo kidogo huku mapya yakishika nafasi. Taxus na Thuja, kwa mfano, hugeuza majani ya ndani kuwa manjano na kuyaangusha kwa msimu, na wenye ua hunipigia simu wakidhani unakufa. Kama manjano yako ndani na ncha za nje ni kijani, tulia. Kama ncha zenyewe zinakauka, hapo kuna jambo. Pia kuna vichaka vyenye kijani cha masharti: Ligustrum ovalifolium hubaki na majani panapokuwa na baridi ya kiasi, lakini baridi ikizidi sana huyavua mengi, na stara yako inaondoka wakati miti mingine yote iko wazi.

Kabla ya kuangalia hali ya hewa, jaribu udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yashuke yote, lijaze tena, kisha upime yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Sentimita 2 hadi 5 ni nzuri. Maji yakikaa hadi kesho yake, usipande Taxus wala mmea mwingine unaochukia kulowa, kwa sababu mizizi itaozeshwa na vimelea vya Phytophthora na utaona tawi moja likififia baada ya jingine. Pandisha tuta la sentimita 20 hadi 30, au chagua mmea unaovumilia unyevu. Maji yakitoweka kwa dakika chache, una kichanga, na utahitaji mboji nyingi na kichaka kinachostahimili kiu.

Penye baridi ya kugandisha, Taxus, Thuja, Ilex na Prunus laurocerasus ndio wazee wa kazi. Haibiskasi ya maua makubwa, Hibiscus rosa-sinensis, haitapita msimu mmoja. Penye joto na unyevunyevu mambo yanageuka: Murraya, Duranta, haibiskasi na Podocarpus hustawi, na Taxus inadhoofika. Podocarpus naipenda sana kwa nafasi nyembamba. Ina majani membamba ya kijani kibichi, inakubali kupogolewa ikawa kama ukuta, haina haraka, na huvumilia kivuli cha nusu siku.

Penye ukame, Dovyalis caffra na Dodonaea viscosa hushika bila kubembelezwa vikishapita mwaka wa kwanza au wa pili wa kumwagiliwa. Karibu na bahari, ambako upepo hubeba chumvi na kuunguza majani laini, Carissa macrocarpa na Pittosporum tobira ni hodari. Carissa ina majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu nzuri, matunda mekundu yanayolika, na miiba iliyogawanyika pacha kama herufi Y.

Penye kivuli cha miti mikubwa au cha ukuta, chaguo ni chache na usidanganywe: Taxus, Prunus laurocerasus, Ilex, Aucuba japonica. Mmea wa jua ukiupanda kivulini utarefuka, utapata majani machache, na hutaona faragha yoyote.

Kuhusu upepo, ua hufanya kazi bora kuliko ukuta wa matofali. Ukuta huuzuia upepo nao ukaruka juu na kuanguka upande wa pili kwa fujo. Majani huupenyeza kidogo na kuupunguza nguvu, na nafuu hiyo huonekana hadi umbali wa karibu mara kumi ya kimo cha ua. Kelele za barabarani ni habari nyingine. Mstari mmoja wa vichaka hauzizuii kwa kiasi cha maana, hata ukificha magari yenyewe. Anayenunua ua kwa ajili ya kelele nitamwambia ukweli huo mapema.

Sumu, miiba na mimea inayotoroka

Katika hili sina kubembeleza. Kabla hujapenda maua, jua kama mmea unaua.

Nerium oleander ina sumu ya moyo kwenye kila sehemu yake, majani, maua na matawi makavu, na moshi wake unapochomwa pia ni hatari. Cascabela thevetia, yenye maua ya manjano ya umbo la kengele, ni ya ukoo huo huo na mbegu zake ni mbaya sana. Taxus ina sumu kwenye majani na mbegu, na ng'ombe au farasi akila matawi yaliyopogolewa hufa haraka. Usiyatupe mahali mifugo inafika. Matunda ya manjano ya Duranta yanavutia watoto, nayo yana sumu. Prunus laurocerasus ikisagwa au kupogolewa kwa wingi hutoa harufu kama ya lozi chungu, ambayo ni dalili ya sianidi. Pogoa penye hewa, na usisafirishe matawi yake ukiwa umefunga vioo vya gari. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kukupofusha kwa muda. Nikikata mnyaa navaa miwani iliyoziba pande zote, na baada ya kazi nanawa mikono kabla ya kujigusa uso.

Simaanishi kwamba mimea hiyo yote ipigwe marufuku. Taxus nimeisifu hapo juu na bado naisifu. Namaanisha kwamba nyumba yenye mtoto anayetambaa na kuweka kila kitu mdomoni ichague Murraya au haibiskasi, na nyumba yenye mbuzi ichague kwa uangalifu zaidi.

Miiba ina kazi yake. Ua wa Dovyalis uliokomaa, wenye miiba mirefu kama kidole, hautapitwa na mtu wala mnyama, na kama faragha yako ni pamoja na usalama, hakuna bora. Lakini kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kila kitawi kinachoanguka wakati wa kupogoa kitatoboa tairi au kandambili ya mtu, hivyo lazima uokote vyote. Upande mbali na njia ya watoto na mbali na mlango.

Mimea mingine hutoroka bustanini. Lantana camara imevamia malisho katika nchi nyingi za joto na huwadhuru ng'ombe wanaoila. Aina kadhaa za Ligustrum zinachukuliwa kuwa magugu vamizi katika nchi mbalimbali, kwa sababu ndege hula matunda na kusambaza mbegu. Idara ya kilimo au ya mazingira huwa na orodha, iulize. Na mianzi, ambayo wengi huipenda kwa kasi yake, si kichaka bali nyasi. Ile inayokaa kwenye fungu moja bila kusambaa inafaa. Ile inayotambaa chini ya ardhi, kama jenasi ya Phyllostachys, itatokea kwa jirani bila hodi. Ficus benjamina, ambayo huonekana mpole kwenye kopo, mizizi yake huinua sakafu na kuingia kwenye mabomba. Usiipande karibu na nyumba.

Usiweke mayai yote kapu moja

Ua wa mmea mmoja unapendeza kwa unyoofu wake, na unaweza kufa wote kwa pamoja. Buxus ni mfano unaoniuma. Kwa karne nyingi imekuwa mmea wa nyua fupi za bustani za Ulaya, kisha ukaja ugonjwa wa ukungu unaopukutisha majani yake, na baadaye kiwavi wa nondo kutoka Asia ya Mashariki, Cydalima perspectalis, anayeweza kuutafuna ua mzima ukabaki vijiti. Leo sipendekezi ua mpya wa Buxus kwa mtu asiyekuwa tayari kuukagua mara kwa mara.

Murraya nayo ina sharti lake. Ni ya ukoo wa michungwa, na humhifadhi mdudu Diaphorina citri, ambaye hueneza ugonjwa wa kijani wa michungwa, ugonjwa usio na tiba. Kama wewe au majirani mna michungwa na milimao, chagua kitu kingine. Photinia, yenye majani machanga mekundu, hushikwa na madoa ya ukungu pale hewa inapokuwa na unyevu na majani yakilowa mara kwa mara. Penye hewa kavu haina shida.

Ninachokipenda ni mchanganyiko wa mimea mitatu inayokua kwa kasi inayokaribiana. Kasi ikitofautiana sana, mmoja utawameza wenzake. Panda kwa makundi ya miche mitatu hadi mitano ya aina moja, kisha aina nyingine, usipishanishe mmoja mmoja. Ugonjwa ukija utachukua kundi, si ua mzima.

Kuchagua mche wenyewe

Usivutiwe na mrefu. Mche wa sentimita 40 hadi 60 wenye matawi tangu chini hushika ardhi upesi na mara nyingi huupita ule wa mita 1.5 ndani ya miaka michache, kwa sababu mrefu hutumia misimu yake ya kwanza kuuguza mizizi. Muulize muuzaji akuruhusu kuutoa mche kwenye kopo. Mizizi iwe myeupe au ya rangi hafifu, imeshika udongo, na haijajizungusha ukutani mwa kopo kama kamba. Ile iliyojizungusha itaendelea kuzunguka hata ardhini, na miaka baadaye itajinyonga.

Ukitaka ua wenye sura moja, hakikisha miche yote imetoka kwenye vipandikizi vya mmea mmoja. Iliyotoka kwenye mbegu itatofautiana kwa rangi na kasi. Ukitaka matunda ya Ilex au Dovyalis, kumbuka kwamba dume na jike ni miti tofauti. Nunua pia miche michache ya ziada na uioteshe pembeni, kwa sababu pengo likitokea mwaka wa tatu hutapata kitaluni mche wenye kimo na rangi hiyo.

Nafasi kati ya mche na mche inategemea upana wa mwisho: sentimita 30 kwa Buxus ya ua mfupi, 50 hadi 60 kwa Taxus na Murraya, 75 hadi 90 kwa Prunus laurocerasus na wenzake wakubwa. Kubananisha hakuleti faragha mapema kiasi unachotarajia, na baadaye miche hunyang'anyana maji. Panda mwanzoni mwa mvua, au penye majira ya baridi, wakati joto linapopungua na ardhi bado ina uvuguvugu. Mwagilia kwa kina mara chache badala ya kidogo kila siku, na tandaza matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8 bila kuyagusisha shina.

Asiyeweza kusubiri asimamishe uzio wa muda wa matete au wavu upande wa mpaka, nusu mita kutoka kwenye miche ili mwanga uingie, na auondoe uzio huo pindi ua wa mimea unapofika kifuani.

Mpogoo wa kwanza ndio unaowaumiza watu roho. Vichaka vya majani mapana vikate theluthi moja ya ncha mara vinapoanza kuchipua baada ya kupandwa, na urudie msimu unaofuata, ili matawi yagawanyike chini kabla ya kupanda juu. Kwa saipresi, Thuja na Taxus fanya kinyume: punguza pembeni kidogo kidogo, lakini ncha kuu iache mpaka ua ufike kwenye kimo ulichopima, kisha ikate sentimita 15 chini ya kimo hicho ili matawi ya juu yapate nafasi ya kujaza kilele.